Wakazi wa Kale Mia Tatu na Kumi na Wawili

Ipo nchi moja ambayo msomaji asihangaike kuitafuta, kwa sababu ramani yake hutolewa kwa kibali na vibali vimekwisha. Ni nchi tulivu. Ina mito, ina wizara arobaini na moja, na upande wake wa kaskazini ina kilima cha mawe kiitwacho Kale.

Mawe ya Kale ni ya ajabu kweli, na hili si neno la serikali. Yamepandana kama vyungu vilivyopangwa na mtu aliyeitwa ghafla akaondoka. Jiwe lenye ukubwa wa nyumba limekaa juu ya jiwe lenye ukubwa wa meza, na la juu yake limeinama kana kwamba linasikiliza mazungumzo ya wenzake. Chini ya mawe hayo kuna mapango saba, makavu, yenye hewa safi, ambamo watu waliishi tangu enzi zisizo na tarehe. Siku ya ziara inayosimuliwa hapa walikuwa bado wanaishi humo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Masalu, Mwongoza Mkuu wa ziara, alizaliwa katika pango la nne. Alisomea habari za miamba hadi chuo kikuu, akarudi akiwa mtu wa vipimo: ukimwambia jua kali, atakuuliza nyuzi ngapi. Miaka sita kabla ya siku hii Wizara ya Takwimu ilimtuma kuhesabu watu wa kilima chao. Akahesabu, akarudia, akapata mia tatu na kumi na wawili. Akaandika taarifa ya kurasa arobaini kwa taipureta ya wilaya, ambayo kitufe chake cha herufi kubwa kilikuwa kimekufa tangu serikali iliyopita. Alichapa kila kitu kwa herufi ndogo, kisha akachukua kalamu ya wino mweusi akapita ukurasa kwa ukurasa, akikuza herufi zilizostahili kukuzwa: za majina ya watu, ya mito, ya waheshimiwa. Alikuza herufi elfu moja mia nne na tisa. Moja ikamponyoka. Katika ukurasa wa tatu, mahali palipotakiwa kusomeka “wakazi wa Kale”, pakabaki “wakazi wa kale”.

Taarifa ikapanda ngazi hadi Ikulu. Huko ikasomwa, jambo ambalo halikuwahi kuipata taarifa yoyote, na ikasomwa na Rais mwenyewe, ukurasa wa tatu peke yake. Rais alifurahi hadi akasimama. Nchi jirani ilikuwa na mafuvu mawili. Nyingine ilijivunia nyayo kwenye tope. Yeye alikuwa na watu wa kale wazima, mia tatu na kumi na wawili, waliokwisha kuhesabiwa. Kabla ya saa kumi alasiri kilima kikatolewa mikononi mwa Wizara ya Makazi kikakabidhiwa Wizara ya Zamani, na Gazeti la Serikali likatangaza: “Mtu wa kale ni mtu aliyeishi zamani. Mtu aliyeishi zamani haruhusiwi kuishi sasa isipokuwa kwa maandishi.”

Masalu aliliona kosa lake jioni ile ile. Kesho yake akaitwa mji mkuu, akaenda na kalamu mfukoni, amekusudia kuikuza ile herufi mbele ya mkubwa yeyote atakayemwona kwanza. Mkubwa wa kwanza akampa mkono. Wa pili akampa cheo. Wa tatu akamuuliza kama ana la kusema, naye Masalu, vidole vyake vikiwa juu ya kalamu, akasema ahsante. Hakuna aliyemtishia. Yafaa liandikwe hivyo, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alijaribu mara nyingi kukumbuka ni nani aliyemtishia, asimpate.

*

Mambo yakaenda kwa utaratibu, kama yanavyokwenda yote katika nchi ile. Bomba la maji lililokuwa limebakiza hatua mia mbili kufika kilimani lilifukuliwa likarudishwa lilikotoka, kwa kuwa utafiti ulionyesha kwamba watu wa kale walichota mtoni. Mwalimu wa shule akapewa likizo. Zahanati iliwaandikia wagonjwa barua ya pole iliyoeleza kwamba maradhi yao yalikwisha kuwaua karne nane zilizopita na hakuna dawa ya kurudi nyuma kiasi hicho.

Baba yake Masalu alipofariki, mjane wake, Bi Nyamizi, alikwenda wilayani kuomba kibali cha mazishi. Karani akarudisha ombi na maelezo kwa wino mwekundu: “Marehemu alishafariki. Ombi limerudiwa.” Wakamzika bila kibali. Wizara, iliyokuwa na jicho kali kwa mambo yasiyo na kibali, ikaja wiki iliyofuata na kibao cha chuma, ikakisimika kichwani mwa kaburi: KABURI LA KALE, KARNE YA KUMI NA MBILI. Tangu hapo likawa kituo cha pili cha ziara. Masalu huwaonyesha wageni.

Kuhusu walio hai, waziri alitoa waraka wenye huruma. Wakazi wangeweza kubaki mapangoni, ila siku za ziara waondoke. Wasio na pa kwenda wasimame bila kutikisika, nao watahesabiwa kuwa sanamu. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Basi kila Jumanne na Ijumaa pango la nne lilikuwa na sanamu zenye uhai kiasi kwamba wageni walizipiga picha mpaka betri zikaisha.

Sasa ilikuwa imefika siku ya ziara kuu. Bibi Ekvall, Mkaguzi wa Baraza la Kimataifa la Mapango, alikuwa anakuja kutia saini cheti cha kudumu. Cheti hicho kikishatiwa saini, taarifa iliyokizaa haibadilishwi milele, hata nukta, na wakazi wa kale huingizwa katika orodha ya vitu vya pango, pamoja na michoro na popo. Moto ungepigwa marufuku humo kuanzia kesho yake asubuhi, kwa ajili ya kulinda masizi ya zamani yasichanganyike na masizi mapya.

Palikuwa na njia moja tu. Sheria ilikuwa na Fomu ya Kukuza au Kushusha Herufi. Aliyekosea aijaze, aitie saini, aikabidhi kwa mkaguzi kabla ya saini ya cheti. Fomu haikuwa na faini wala kifungo. Adhabu yake pekee ilikuwa aliyekosea ajulikane.

*

Asubuhi Masalu alitangulia kilimani kupanga sanamu. Alikuta watu wa pango la nne wakimalizia uji na kuficha madumu, ndoo za plastiki na redio nyuma ya jabali. Wengi walikwisha kuvaa ngozi za mbuzi walizogawiwa na Wizara, zenye mihuri ya Wizara kwa ndani.

“Mwongoza,” akaita Mzee Shigela, aliyepangiwa kuwa mwindaji, “leo mkuki niushike mkono gani? Ijumaa ulinisimamisha upande mmoja mpaka bega likalala na mimi macho.”

“Wa kulia, mzee wangu.”

“Na haja ndogo ikinibana?”

“Watu wa kale hawaendi haja, Shigela,” akadakia Bi Kabula, jirani yake Bi Nyamizi, akiwa anajifunga ngozi. “Imetoka gazetini. Wewe husomi?”

“Ningesoma na nani, mwalimu wangu yuko likizo mwaka wa sita!”

Wakacheka. Masalu naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuja na viatu vyake ndani ya nyumba iliyokwisha kufagiliwa.

Mama yake alikuwa kando, anauzima moto kwa majivu. Yeye alipangiwa kuwa mwanamke asagaye nafaka, ila magoti yalipomshinda akaruhusiwa kuwa mwanamke aliyemaliza kusaga.

“Umekuja nayo?” akauliza bila kuinua macho.

“Ninayo, mama.” Akagusa mfuko wa koti.

“Umeitia saini?”

“Nimetia.”

“Lini?”

“Jana.”

“Haya.” Akajifuta majivu. “Baba, nisikilize. Mimi sitaki makuu. Sitaki hata wakuu wako waniombe radhi. Huyo mama mgeni akiuliza kama kuna watu humu, sema wapo. Ukishasema hivyo nitainua mguu tu, niende nikajipikie. Ila sitakutangulia. Ningeweza kupiga kelele mwaka wa kwanza, na Kabula alitaka nipige. Nikamwambia mwache, aliyeandika ni yeye, atafuta yeye.”

“Nitasema, mama.”

“Najua utasema,” akajibu Bi Nyamizi, akaenda kusimama mahali pake mapema, saa mbili kabla ya wakati, ili azoee.

*

Ziara ilichelewa langoni, kwa sababu ya gazeti.

Kiongozi wa msafara alikuwa Mheshimiwa Simplisi Tandabui, Waziri wa Zamani. Kumbe asubuhi ile gazeti lilikuwa limeandika kwamba ziara itaongozwa na “Waziri wa zamani Tandabui”, na askari wa langoni, aliyekuwa msomaji mzuri, akateremsha kamba ya lango.

“Samahani, mzee. Leo wanapita mawaziri wa sasa tu.”

“Mimi ndiye Waziri wa Zamani!” akafoka Tandabui akitoa kichwa dirishani.

“Ndiyo nilivyosema, mzee wangu. Na pole sana. Ulitumbuliwa lini?”

“Sikutumbuliwa! Mimi ni Waziri, kisha Zamani!”

“Wote mnaanza mawaziri, mzee. Halafu ndiyo zamani.”

Nyuma yao kulikuwa na magari sita, wajumbe kumi na tisa wenye kofia za jua, na Bibi Ekvall mwenye daftari. Mheshimiwa akapiga simu moja. Baada ya dakika saba, Masalu alizihesabu, gazeti lilikuwa limeondolewa mitaani, herufi imekuzwa, toleo jipya liko njiani, na askari amehamishiwa kwenye lango lisilo na barabara.

“Herufi moja, Masalu!” Waziri akamgeukia, jasho likimtiririka. “Herufi moja! Ni mpumbavu gani anayeacha herufi moja imwondoe mtu duniani, kisha akakaa nyumbani kwake akala akashiba? Hebu niambie wewe msomi!”

Masalu alikuwa na jibu, na jina, na tarehe. Fomu ilikuwa upande wa moyo.

“Ni kweli, Mheshimiwa,” akasema.

*

Kituo cha kwanza kilikuwa Jiwe la Uthabiti. Lilikuwa jiwe maarufu lililosimama kwa ncha, ila wakati wa mvua za masika zilizopita lilianguka bondeni likavunja choo cha Wizara. Anguko hilo lilikuwa halijathibitishwa. Kwa hiyo wageni waliendelea kuonyeshwa lilipokuwa.

“Litazameni!” akanguruma Mheshimiwa Tandabui, mkono ukielekea juu kwenye hewa tupu. “Miaka milioni mia limesimama! Uongozi unakuja, uongozi unakwenda, lenyewe haliyumbi! Hili si jiwe, ndugu wajumbe. Hii ni sera!”

Wajumbe wakainua vichwa. Wengine wakapiga picha. Bibi Ekvall, aliyejifunza lugha ya nchi kutoka kwenye vitabu na kuizungumza kama vitabu, akaishusha darubini yake.

“Bwana Mwongoza, mimi silioni jiwe lenyewe.”

Waziri akamtazama Masalu. Masalu akakohoa.

“Bibi, mwamba huu una madini mengi yanayoakisi mwanga. Saa kama hizi, jicho lisilozoea hupoteza mipaka ya vitu.”

Hapakuwa na neno la uongo hapo. Madini yalikuwepo, na mwanga uliumiza macho kweli. Bibi Ekvall akaandika. Huo ndio ulikuwa ufundi wa Masalu, na ndiyo sababu alipanda cheo mara tatu: hakuwahi kusema jambo lisilo sahihi. Alichukua ukweli mmoja uliokuwa karibu, akauweka mbele ya mwingine.

Kituo cha pili kilikuwa kaburi. Mtu alikuwa ameweka maua ya porini, hayajanyauka. Masalu alitembea akitazama kamba za viatu vyake.

“Karne ya kumi na mbili,” akasoma Bibi Ekvall kwenye kibao. Akachuchumaa, akatwaa udongo, akausugua kwa vidole. “Mbona tuta lingali juu? Karne nane zingalilisawazisha.”

“Udongo wa hapa una kokoto nyingi, Bibi. Haushuki upesi.”

“Na aliyelala humu alikuwa nani?”

Masalu akayatazama yale maua.

“Mwanamume,” akasema Masalu. “Wa umri wa miaka sabini hivi. Mguu wake wa kushoto uliwahi kuvunjika ukaungwa vibaya.”

“Mmejuaje? Mmemfukua?”

“Kwa uchunguzi, Bibi.”

Bibi Ekvall akainamisha kichwa kwa heshima, akaandika kwamba taaluma ya nchi ile ilikuwa ya hali ya juu. Mjumbe mmoja akaomba apigwe picha akiwa ameweka mguu juu ya tuta. Masalu ndiye aliyeshikishwa kamera. Katika hali kama ile wengine hutamani ardhi ipasuke iwameze. Masalu hakutamani, kwa kuwa alijua mwamba wa pale hupasuka kwa kiasi cha unywele mmoja katika karne. Akabonyeza kitufe.

*

Walipoingia pango la nne wajumbe wote walivua kofia bila kuambiwa.

Sanamu zilikuwa zimesimama katika nusu mwanga. Mzee Shigela alikuwa na mkuki mkono wa kulia. Bi Kabula alikuwa ameinamia kibuyu. Watu ishirini na zaidi, kila mmoja ameshikilia pumzi yake, na katikati yao Bi Nyamizi, mikono imeachiwa ubavuni, macho mbele.

“Ajabu!” akanong’ona Bibi Ekvall. “Zimefanyizwa kwa nini? Udongo?”

“Kwa uzalendo,” akasema Mheshimiwa Tandabui. “Na udongo kidogo.”

Hapo pua ya Mzee Shigela, iliyokuwa na majivu ya asubuhi, ikamsaliti. Akapiga chafya, mkuki ukatikisika.

“Upepo,” akasema Waziri haraka. “Mapango haya yana upepo wa kihistoria.”

Bibi Ekvall alimtazama mwindaji kwa muda, kisha akafungua mkoba, akatoa cheti, akakilaza juu ya jiwe la kusagia. Wajumbe wakasogea. Mpiga picha wa serikali akapanda juu ya jiwe dogo.

“Bwana Mwongoza,” akasema, “kabla sijatia saini, kanuni yanidai nimuulize mtaalamu, wala si mwanasiasa. Je, yumo binadamu yeyote akaaye humu hivi sasa?”

Masalu alijua jibu kwa hesabu. Mia tatu na kumi na wawili, toa waliofariki kumi na tisa, ongeza waliozaliwa thelathini na watatu: mia tatu na ishirini na sita. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukaigusa karatasi. Akamwona mama yake. Bi Nyamizi alikuwa hajageuza jicho, ila kisigino chake cha kulia kilikuwa kimeinuka kidogo kutoka chini, tayari.

“Kihistoria,” akaanza Masalu.

Akasikia mwenyewe neno hilo lilivyotoka, na akajua wapi linakwenda, kama mtu anayeona gari lake likiteleza.

“Kihistoria, mapango haya yalikaliwa.”

“Na sasa?”

“Sasa yanahifadhiwa, Bibi.”

Baadaye alilikagua jibu hilo mara nyingi, kama alivyokagua kurasa zake. Kila neno lilikuwa sahihi.

“Yaani hayumo,” akasema Bibi Ekvall, akaandika. Kisigino cha Bi Nyamizi kikarudi chini.

Ingekuwa imekwisha hapo kama si utepe wa beji. Masalu alipoinama kumsogezea mkaguzi taa, utepe ule ulivuta kola ya shati lake ikajikunja kwa ndani, upande mmoja juu, mwingine chini. Akanyooka, akasimama hivyo mbele ya Waziri na mkaguzi, hatua moja kutoka kwa mama yake.

Na mikono ya Bi Nyamizi ikainuka. Wanaosimulia wanaapa kwamba hakukusudia. Ilikuwa imeinuka hivyo kila asubuhi ya shule, miaka kumi na miwili, na hakuna waraka uliowahi kuiambia iache. Akaitoa kola, akainyoosha, akaikunja vizuri juu ya tai. Kisha akalamba ncha ya kidole gumba, akamfuta vumbi shavuni.

Kalamu ya Bibi Ekvall ilidondoka ikaviringika hadi kwenye miguu ya mwindaji.

“Masalu,” akasema Waziri polepole, “hii ni nini?”

Swali lilikuwa jepesi. Jibu lake lina silabi mbili, na ni neno ambalo kila mtoto hulitamka kabla hajaota meno. Mama yake alikuwa bado ameweka kidole shavuni mwake, na safari hii alikuwa akimtazama usoni.

“Ni sanamu yenye mtambo, Mheshimiwa,” akasema Masalu. “Inatumia nguvu ya jua.”

Walikuwa ndani ya pango, hatua arobaini kutoka juani. Hakuna aliyeliuliza hilo. Makofi yakalipuka hadi popo wakahama. Mheshimiwa Tandabui akamkumbatia, akamwambia sikioni, “Kwa nini hukuniambia tunazo za aina hii?”

“Yaweza kurudia?” akauliza Bibi Ekvall, macho yakimng’aa.

Masalu akaitazama taa. Hakuwa na ukweli wowote wa karibu wa kuweka mbele.

Bi Nyamizi angeweza kukataa. Angekataa, mwanawe angeonekana mwongo mbele ya wote, na cheti kingechanika. Alisimama muda wa pumzi mbili. Kisha akainua mikono, akaishika kola iliyokwisha kunyooka, akainyoosha. Mara hii hakulamba kidole.

“Na mimi! Na mimi!” akasema mjumbe mmoja, akijikunja kola mwenyewe. Wakapanga foleni. Kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, wakacheka, wakapigwa picha, wakamshika Bi Nyamizi mikono kuona viungo vimefungwa wapi. Mmoja akasifu kwamba hata vidole vilikuwa na sugu. Waziri alipita mara mbili kwa sababu picha ya kwanza alikuwa amefumba macho.

Bibi Ekvall alipookota kalamu yake, wino ulikuwa umekauka.

“Bwana Mwongoza, una kipande cha karatasi nijaribie?”

Masalu akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi pekee aliyokuwa nayo, imekunjwa mara nne, akampa. Mkaguzi akachora duara nyuma yake, kisha mengine mawili, mpaka wino ukatoka vizuri. Akamrudishia kwa adabu.

“Ahsante sana.”

Akatia saini.

*

Msafara ulitoka kwenda kwenye chakula, hotuba ya Waziri ikiutangulia. Nyayo za mwisho zilipopotea, pango la nne likaanza kulegea. Mkuki ukaanguka. Mtu akapiga miayo. Mzee Shigela akakaa chini akijikanda bega, akaanza kusema neno kuhusu chafya yake, akaliacha katikati.

Bi Nyamizi alikuwa bado amesimama. Mikono ubavuni, macho mbele.

“Mama,” akasema Masalu. “Wamekwenda.”

Hakutikisika.

“Mama, wamekwenda wote. Pumzika basi. Magoti yako.”

Akangoja. Kwa karibu aliona kifua chake kikipanda na kushuka, kidogo sana, kama alivyowafundisha yeye mwenyewe: pumzi fupi, kwa pua. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya ngozi ya mbuzi.

“Mama, ni mimi.”

Watu wa pango wakaangalia pembeni, kila mtu akatafuta la kufanya na mikono yake. Bi Kabula ndiye aliyemsogelea. Huyu alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, akamchapa alipoiba karanga, akacheza ngoma siku alipokwenda chuo kikuu. Akamtazama kuanzia viatu hadi kola.

“Mwongoza,” akamwambia kwa sauti ya upole, kama mtu anavyozungumza na mgeni aliyepotea njia, “wenzako wanakusubiri.”

Masalu akatoka. Alipita chini ya dari iliyoinama, akakata kona ya kwanza, akakata ya pili, na mbele yake akaanza kuona jua. Hapo akasikia sauti ya mama yake nyuma, nzima kabisa, yenye uchovu wa kawaida.

“Kabula, nipe maji ninywe.”

Na kikombe kikagonga mdomo wa mtungi, na Kabula akasema kitu, na mama yake akajibu.

Mapango yenye kuta za namna ile hupeleka sauti mbali bila kuipunguza. Jambo hilo limepimwa na kuthibitishwa. Masalu alisimama palepale kwenye kona, kola yake ikiwa imenyooka, akasikiliza hadi maji yalipokwisha kikombeni.